Mwanangu, acha sauti ibaki

Tumpe mwanangu, hujambo? Mimi baba yako mzima, niko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, leo siku ya tatu, nimebeba shaba natoka Kolwezi huko Kongo na foleni ya malori haisogei kabisa, magari yamepangana mpaka huko nyuma mwisho wake siuoni, na ukiwa foleni kazi ni mbili tu, kusonga ugali pembeni ya trela na kuangalia simu. Basi nimeangalia video zako. Zote, tangu zile za kwanza ulipomaliza form four, bando limeniishia mara mbili nikanunua tena kwa laini ya Kongo.

Ile ya bibi nimeirudia sijui mara ngapi.

Bibi yuko jikoni pale Tukuyu kakaa kwenye kigoda anamenya ndizi, maganda yanadondokea kwenye beseni lile la bluu lililopasuka ukingo, mwanga unatoka mlangoni unampiga upande mmoja wa uso. Sekunde 22. Anamenya huku anaongea, halafu ananyanyua uso, anakunyooshea kisu, anasema kitu kisha anacheka mpaka lile pengo linaonekana. Na juu ya hayo yote umeweka singeli. Mdomo wa bibi unaenda, ninachosikia ni ngoma tu.

Sikugombezi, nielewe vizuri hapo. Video ni nzuri, umemshika vizuri, hukumkata kichwa, hukuzungushazungusha simu, na watu wameipenda nimeona komenti. Ila bibi ndio huyo tumemzika Machi, na mimi siku hiyo nilikuwa Kolwezi nasubiri kupakia, nilipofika nyumbani nikakuta udongo umeshakauka. Mama yangu mzazi. Sasa kila kitu chake ninacho, picha ninazo, kanga yake ninayo hapa kwenye kebini, sauti ndio sina.

Uliponiambia ile yenyewe kabla ya muziki uliifuta, niliumia, lakini nikakumbuka ni mimi niliyekwambia ufute. Ulilalamika simu imejaa, nikakujibu kwa mkato futa hayo mavideo ya zamani, mimi nilikuwa nimechoka niko barabarani wala sikuuliza ni video gani. Kwa hiyo hili ni letu wote wawili na langu ni kubwa zaidi, pole mwanangu.

Najua kwa nini mnaweka muziki. Hizi video zenyewe zilianzia huko, TikTok ya sasa iliunganishwa na Musical.ly mwezi wa 8 mwaka 2018, na Musical.ly ilikuwa ni ya watu kuigiza nyimbo kwa midomo, sekunde 15 basi umemaliza. Ndio maana mpaka leo ukifungua unakuta wimbo umeshakaa mkao wa kula. Na kuna watu wimbo umewatoa kweli, yule kijana wa Kimasai wa kwetu, Kili Paul na dada yake Neema, waliigiza nyimbo za Kihindi 2021 mpaka Februari 2022 ubalozi wa India pale Dar ukampa heshima. Safi sana, nilifurahi. Lakini nikwambie kitu, mimi nikiangalia zile video macho yangu yanaenda nyuma yake, kwenye ng'ombe na vumbi na zile boma, nawaza kule kunasikikaje. Hata huyo Khaby Lame unayempenda, aliyepoteza kazi kiwandani Italia 2020 kisha Juni 2022 akawa wa kwanza duniani kwa wafuasi TikTok, huyo haongei kabisa, anakunjua mikono tu. Kwake sawa, yeye kachagua kukaa kimya. Bibi hakuchagua, bibi alikuwa anaongea.

Sasa nakuomba mambo machache maana najua utaendelea kurekodi na mimi nataka uendelee, usije ukaacha kwa sababu ya barua hii.

Rekodi kwanza kwa kamera ya simu yenyewe, ndio uipeleke TikTok baadaye, hapo ile ghafi inabaki kwako. Ukitaka wimbo weka, ila pale kwenye kuediti kuna mistari miwili ya kuvuta, mmoja wa sauti ya video na mwingine wa muziki, huo wa muziki ushushe uwe chini kabisa. Na usikimbilie kukata, siku hizi TikTok inapokea hata video ya dakika 10, na Shorts, zile video fupi za YouTube, mpaka dakika 3 tangu Oktoba 2024, hizo sekunde 15 zilishapita muache mtu amalize neno lake. Halafu maiki ya simu nyingi iko chini pale karibu na tundu la chaji, ukishika simu wima kiganja kinaiziba, nimeona kwenye ile ya mama yako akiwa sokoni anasikika kama yupo ndani ya gunia. Ikinyesha sogea karibu, mvua ya Tukuyu kwenye mabati haimwachii mtu nafasi. Ukinitumia WhatsApp tuma kama dokyumenti isipungue ubora, na nikifika Tunduma nitakununulia memori kadi kubwa, hili la simu kujaa liishe. Na mtu mwambie kwanza kabla hujamrekodi, hilo unalijua sirudii.

Nataka ya mama yako akibishana bei za ndizi. Nataka ya shangazi yako akiomba kabla ya kula, ile ndefu inayowachosha, irekodi yote. Hata mkiwa mnaosha vyombo tu, washa simu iweke dirishani. Huku usiku jenereta zinanguruma na matingo wanagombana kwa lugha tano, nikipata dakika 2 za jikoni kwetu nalala.

Lakini kuna moja naitaka kabla ya zote. Kwenye ile ya bibi, pale anaponyoosha kisu, picha inatikisika. Maana yake na wewe ulicheka. Wewe ndio uliyekuwa nyuma ya simu, ulisikia alichosema, na sasa hivi duniani unayekijua ni wewe peke yako. Kaa chini uniandikie, au jirekodi ukisema, lakini sema kwa Kinyakyusa kama alivyosema yeye, na akina "eee" zake zote weka, usinitafsirie.

Baba yako