Wilfred si jina la Biblia, wala si jina tupu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita tuliketi nyumbani kwangu hapa Kisumu kujaza fomu ya ubatizo wa mjukuu wangu, mtoto aliyezaliwa usiku na ambaye kwa hiyo alikwisha kuitwa Otieno kabla hata mama yake hajapata nafuu. Wazazi wake walitaka jina la ubatizo liwe Wilfred, kwa kumkumbuka kaka yangu mkubwa, marehemu. Shangazi yake mtoto akapinga, akisema kwamba ameipekua Biblia yake na hakumwona Wilfred popote. Baba yake mdogo, kijana msomi, naye akapinga kwa sababu nyingine kabisa: kwamba hilo ni jina la Wazungu lisilo na maana, na kwamba Otieno yatosha. Kalamu ikawekwa chini. Kwa kuwa najua mjadala wa namna hii hurudi katika nyumba nyingi kuanzia hapa hadi Kakamega na Kapsabet, naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyowaambia jioni ile.

Shangazi ana haki katika jambo moja, nalo ni kwamba Wilfred hayumo katika Biblia. Si Kiebrania, si Kigiriki, wala si Kilatini. Ni jina la Kiingereza cha kale, lugha ya Waanglo-Saksoni, iliyotoka katika ukoo wa lugha za Kigermaniki uliozaa pia Kijerumani na Kiholanzi. Hapo kale liliandikwa Wilfrith, nalo ni maneno mawili yaliyofungwa pamoja: willa, yaani nia au utashi, na frith, yaani amani. Mtu anayejua Kijerumani atayatambua mara moja, kwa maana hadi leo Wajerumani husema Wille kwa nia na Friede kwa amani. Ni kweli kwamba watu wa zamani zile waliunganisha vipande vya majina bila kukusudia kila mara sentensi kamili, wakichukua kipande kimoja kwa baba na kingine kwa babu ili ukoo utambulike. Lakini vipande vyenyewe vilikuwa na maana kwao, kama vile Wafula alivyo na mvua na Otieno alivyo na usiku kwetu.

Neno hilo la amani limejificha pia katika majina mengine tunayoyaita kila siku bila kulitambua. Fredrick ni amani na utawala. Godfrey ni Mungu na amani. Alfred hayumo katika kundi hilo, ingawa wote huitwa Fred sokoni: lake ni jina la viumbe wa ajabu wa hadithi za kale pamoja na neno lenye maana ya shauri. William, kwa upande wake, ana nia ileile ya Wilfred, ila imefungwa na kofia ya chuma ya vitani badala ya amani.

Aliyelifanya jina hili lidumu ni Wilfrid, askofu aliyezaliwa karibu na mwaka 633 katika ufalme wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza. Wakati huo Wakristo wa nchi ile walikuwa wamegawanyika juu ya hesabu ya siku ya Pasaka, wengine wakifuata desturi ya watawa wa Ireland na wengine ile ya Roma, hata ikatokea kwamba Mfalme Oswiu alikuwa akila karamu ya Pasaka huku malkia wake, aliyelelewa katika desturi ya Roma, akiwa bado katika mfungo wa Kwaresima ndani ya jumba lilelile. Mwaka 664 pande zote mbili zilikutana Whitby, na Wilfrid, akiwa bado kijana, ndiye aliyeisemea Roma. Mfalme akaamua upande wake. Sitaficha kwamba mtu huyu aliyebeba amani katika jina lake aliishi kwa kuzozana na wafalme na maaskofu wenzake. Alifukuzwa katika jimbo lake zaidi ya mara moja, akasafiri hadi Roma kudai haki yake.

Lakini ni wakati wa kufukuzwa huko ndipo alipofanya jambo ambalo mimi, mtoto wa ziwa, siwezi kulisoma bila kuguswa. Mtawa Bede, aliyeikamilisha historia yake ya kanisa la Uingereza mwaka 731, anasimulia kwamba Wilfrid alifika kusini, kwa Wasaksoni wa Sussex, akawakuta katika njaa kali baada ya miaka mitatu bila mvua. Bahari ilikuwa mbele yao na mito pembeni, imejaa samaki, lakini watu wale hawakujua kuvua isipokuwa mkunga peke yake, yule samaki mrefu kama nyoka ambaye mtu wa Kisumu angemlinganisha na kamongo. Watu wa Wilfrid wakakusanya nyavu za mikunga za wenyeji kutoka kila mahali, wakazitupa baharini, na kwa msaada wa Mungu, kama Bede anavyosema, wakapata samaki mia tatu wa kila aina. Wakawagawanya mafungu matatu: mia moja kwa maskini, mia moja kwa wenyeji waliotoa nyavu zao, na mia moja kwa wavuvi wenyewe. Yeyote aliyewahi kusimama Dunga alfajiri, mashua zikiingia, akaona jinsi mwenye wavu anavyotengewa fungu lake kabla ya neno lolote lingine kusemwa, ataelewa kwa nini watu wale walianza kumsikiliza mgeni huyu. Bede anaongeza kwamba mfalme wa huko alipompa Wilfrid ardhi ya Selsey pamoja na watu waliokuwa juu yake, Wilfrid aliwabatiza watumwa mia mbili na hamsini, wanaume kwa wanawake, na akawaachilia huru.

Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya Kiingereza cha kale yalififia, watoto wakaitwa William, Robert na Richard, na Wilfred akabaki hasa katika kumbukumbu za kanisa mpaka karne ya kumi na tisa, Waingereza walipoanza kuyafufua majina ya mababu zao. Ndiyo maana likawa tayari midomoni mwa watu wakati wamishonari walipofika kwetu. Mmoja wa kizazi hicho, mshairi Wilfred Owen, aliuawa vitani Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, ikiwa imebaki wiki moja tu amani itangazwe.

Kwa baba mdogo, aliyeniambia kwamba hilo si jina letu, nilimkumbusha tarehe 23 Agosti 2008 mjini Beijing. Wilfred Bungei, mwana wa Nandi, alishika uongozi katika fainali ya mita 800 na kuushikilia hadi kwenye utepe, akimaliza kwa dakika 1 na sekunde 44.65, mbele ya Ismail Ahmed Ismail wa Sudan kwa sehemu tano za mia za sekunde. Wa tatu alikuwa Mkenya mwingine, Alfred Kirwa Yego. Mkenya aliyetangulia kushinda mbio hizo katika Olimpiki, mwaka 1992, alikuwa William Tanui. Nia ileile ya Kigermaniki imo katika majina ya washindi wote wawili, Wilfred na William, na sidhani kuna mtu katika nchi hii atakayeniambia kwamba medali zile hazikuwa zetu.

Ninachowaomba makatekista na wachungaji wetu ni kwamba, kabla ya kuandika jina katika daftari, wawaeleze wazazi limetoka wapi na lina maana gani, badala ya kuwaacha wagombane kwa kubahatisha. Wala wasimsahihishe nyanya anayesema Wilifuredi, kama mke wangu asemavyo, kwa maana hata Wilfrith mwenyewe aligeuzwa Wilfridus na walioandika Kilatini, na jina likaendelea kuishi.

Fomu yetu imekwisha kujazwa: Wilfred Otieno. Tumeomba ubatizo uwe Jumapili iliyo karibu na tarehe 12 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Wilfrid, na katekista ameniruhusu nisimulie habari ya zile nyavu kabla mtoto hajapelekwa kwenye maji. Shangazi yake ndiye atakayembeba.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu