Chumba cha projekta hakina mtu

Mhariri,

Msimu wa filamu mpya ukifika, Arusha nzima inageuka benchi la majaji. Ndani ya Hiace ya Njiro, saluni, hadi kwenye foleni ya chipsi, hukumu zinatolewa bila rufaa: hii kali, ile ya kulalia usingizi, na ile nyingine imepigwa gizani hata sura ya stelingi huioni. Tunaomba nafasi tuitetee hiyo ya tatu. Mara nyingi muongozaji anayelaumiwa, awe Los Angeles au Hyderabad, alikabidhi picha safi kabisa. Giza limepatikana hapa hapa.

Siku za mikanda, nyuma ya ukumbi alikaa opareta. Reli moja, yaani roli la mkanda wa filamu, ilidumu kama dakika 20, kwa hiyo hakuwa na njia ila kuwepo, na picha ikiteleza watu walipiga miluzi akaisikia. Sasa kuna seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kuchezesha filamu. Asubuhi mtu anaipangia ratiba: saa fulani taa zishuke, matangazo yaende, trela, filamu, taa ziwake. Kisha anaondoka kwenda kukata tiketi au kukaanga bisi. Kosa lililoingia dakika ya kwanza litakaa hadi majina ya mwisho yapite, maana wanaoliona ni watazamaji peke yao, na watazamaji wa kwetu wana adabu mno. Wanavumilia, wanatoka, wanasema filamu mbovu.

Tuanze na mwanga, ambako ndiko makosa mengi yanakojificha. Kipimo kinachotumika duniani kwa picha ya 2D, ile ya kawaida isiyo na miwani, ni kandela (kizio cha mwanga) 48 kwa mita ya mraba, kikipimwa katikati ya skrini ikiwa nyeupe tupu. Kwenye 3D kumbi nyingi huridhika na kandela kama 15, chini ya theluthi moja. Sababu ni kwamba mwanga ule ule unagawanywa, huku jicho la kushoto na huku la kulia, halafu kichujio cha mashine na miwani uliyovaa navyo vinakula sehemu yao. Kwa hiyo filamu yenye matukio mengi ya usiku ikionyeshwa kwa namna zote mbili, chukua tiketi ya 2D. Katuni zenye rangi za kuwaka hazidhuriki sana kwenye 3D, na watoto wanafurahia miwani kuliko hadithi yenyewe.

Balaa lipo pale ambapo kifaa cha 3D kinasahaulika mbele ya lenzi wakati filamu inayofuata ni ya 2D. Picha nzima inaingia kiza na rangi zinakuwa kama zimefuliwa kwa maji ya mvua. Likitokea kinyume chake, yaani ukaona kila mtu ana kivuli chake pembeni na wewe hukupewa miwani, ujue limewekwa faili la 3D mahali pa 2D. Makosa yote mawili hurekebishwa kwa dakika chache, akiwepo wa kuyasema.

Halafu kuna umri wa taa. Projekta nyingi bado zinatumia taa za zenoni, ambazo hudhaminiwa kwa saa chache kadiri zinavyokuwa kubwa. Chukua taa ya saa 1,500. Ukumbi wenye maonyesho manne kwa siku, kila moja saa mbili na nusu, unaila saa 10 kila siku, 300 kwa mwezi. Iliyofungwa mwezi wa saba, filamu za Krismasi zitaikuta mahututi. Na haifi kama globu ya nyumbani. Inafifia kidogo kidogo, kwa hiyo hata mfanyakazi anayeiona kila siku hashtuki. Dalili ni mwanga kupepesuka, hasa kwenye anga jeupe, na weupe unaoelekea ukijivu au umanjano. Kuendelea kuitumia baada ya saa zake kwisha si ubahili tu, ni hatari, kwani taa hizo hujazwa gesi kwa mgandamizo mkubwa na zinaweza kupasuka ndani ya mashine. Za leza hudumu saa 20,000 na zaidi, ila bei ya mashine yake si mchezo, na hatumlaumu mwenye ukumbi ambaye hajafika huko.

Kipimo rahisi cha mtazamaji ni hiki: kwenye tukio la usiku, tazama kama nywele nyeusi zinatengana na ukuta mweusi nyuma yake. Zikitengana, giza hilo ni la muongozaji, mwachie. Kila kitu kikiwa tope moja, nenda mlangoni ukamwambie mhudumu. Katikati kukiwaka na pembeni kukififia, ama taa haijakaa sawasawa, ama skrini ni ile ya fedha inayofungwa kwa ajili ya 3D, ambayo hurudisha mwanga mwingi kwa aliyekaa katikati na kumpunja aliye pembeni. Kwenye ukumbi wa aina hiyo, kiti cha ukutani ni hasara hata kama tiketi ni bei moja.

Wakati mwingine tatizo ni uchafu tu. Mwanga unapita kwenye kioo kidogo cha dirisha la chumba cha projekta. Kikiwa na vumbi au alama za vidole, picha inakuwa kama Mlima Meru asubuhi ya Juni. Vichujio vya hewa vya mashine vikiziba, na vumbi letu la Septemba na Oktoba kila mtu analijua, joto linapanda na mashine inajizima yenyewe katikati ya pambano.

Sauti ina vituko vyake. Mfumo ulio kwenye kumbi nyingi una spika tatu nyuma ya skrini (skrini yenyewe ina matundu madogo madogo ili sauti ipite), nyingine ukutani kushoto na kulia, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote hutoka kwenye spika ya katikati. Ukisikia muziki unanguruma na mvua inakunyeshea mgongoni, lakini maneno yanatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, hiyo ya katikati imeharibika au imepunguzwa. Hapo usikilaumu Kiingereza chako.

Ukubwa wa sauti nao una historia fupi ya kusikitisha. Wachanganya sauti hutengeneza filamu wakitegemea kitufe cha ukumbi kiwe kwenye namba 7. Trela huwa na kelele kuliko filamu, mtu mmoja analalamika, mhudumu anashusha hadi 5, anaridhika, anaondoka. Filamu inaanza ikiwa kwenye 5, na kila mnong'ono unapotea. Dawa si kurudi kubishana kila onyesho. Seva inaweza kupangiwa trela zishuke na filamu irudi juu yenyewe.

Lalamiko jingine la msimu wa filamu za Kihindi ni midomo kutofuatana na maneno. Hapa tunawatetea wenye kumbi. Filamu nyingi kubwa za kusini mwa India huigizwa kwa Kitelugu au Kitamil, kisha zikaingizwa sauti ya Kihindi kwa ajili ya masoko mengine, kwa hiyo mdomo unasema lake na spika inasema lake. Ukitaka kujua kosa ni la nani, acha midomo, tazama ngumi au mlango unaofungwa. Kishindo kikija pamoja na ngumi, hakuna tatizo. Kikichelewa kila mara, hilo ni la ukumbi. Tofauti ndogo isikusumbue: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde na filamu hupita picha 24 kwa sekunde, hivyo aliyekaa mita 14 kutoka kwenye spika anasikia kwa kuchelewa picha moja, na sikio halijali.

Umbo la picha ni jepesi kulitambua. Kuna maumbo mawili makubwa, moja lenye upana mara 1.85 ya kimo na jingine mara 2.39. Likichaguliwa lisilo lake utaona vichwa vimekatwa, au maandishi ya tafsiri yamezama chini ya skrini, au picha imemwagikia kwenye pazia.

Kuhusu onyesho kutoanza kabisa, watu hudhani filamu ipo kwenye flashi na mtu amekwenda kuitafuta. Siyo hivyo. Filamu huja ikiwa mafaili yenye ukubwa wa gigabaiti 100 hadi 300 hivi, yamefungwa, na hufunguliwa kwa ufunguo wa kidijitali unaotumwa peke yake. Ufunguo huo umetengenezwa kwa ajili ya mashine ile ile tu, na una tarehe na saa ya kuanza na ya kwisha. Kifaa kikibadilishwa baada ya matengenezo, ufunguo wa zamani haukitambui. Aliyeutengeneza akikosea tofauti ya saa kati ya nchi yake na Afrika Mashariki, onyesho la kwanza la Ijumaa linakwama huku ukumbi umejaa. Ukumbi makini hujaribu kila ufunguo siku moja au mbili kabla, wakati bado kuna mtu wa kupigiwa simu.

Umeme ukikatika, tusipige kelele dakika ya pili. Jenereta inaweza kuwaka mara moja, lakini seva ina kuamka kwake, taa inahitaji feni zake kwanza, na mhudumu lazima atafute mahali filamu ilipoishia. Dakika kumi ni haki yao. Nusu saa siyo.

Kiti: kwa skrini yenye upana wa mita 10, kaa mita 15 hivi kutoka kwake. Ukifika mita 19 au 20 umeanza kutazama televisheni. Mafundi wa sauti nao hupima karibu theluthi mbili ya safari kutoka skrini kwenda nyuma, kwa hiyo kwenye ukumbi wa safu 12, safu ya 8 katikati ndiyo ya kuwahi. Wapendanao wanaokimbilia safu ya mwisho wana sababu zao, hatuziingilii.

Sasa saa. Onyesho la saa 3:00 usiku huanza na matangazo na trela, na filamu yenyewe ikaingia kama robo saa baadaye. Ikiwa na urefu wa saa mbili na dakika 45, unatoka saa 6:00 usiku. Mtu wa Ngaramtoni au Usa River hapo amebakiwa na bodaboda au teksi, kwa bei ya usiku. Kwa wanaotoka Moshi, kilomita kama 80, onyesho la mchana ndilo pekee lenye akili. Urefu wa filamu hutangazwa mapema. Ujumlishe kwenye saa ya tiketi kabla ya kulipa.

Kuhusu msimu wenyewe, Wamarekani hutoa mizigo yao mikubwa kuanzia Mei hadi Agosti, shule zao zikiwa zimefungwa, na tena Desemba. Wahindi hutegea Idi na Diwali. Januari na Februari ni mabaki, ingawa ndipo zile za kuwania tuzo hupata nafasi. Ratiba ikipwaya, mara nyingi chanzo kiko mbali: migomo ya Marekani ya 2023, ya waandishi kuanzia tarehe 2 Mei na ya waigizaji kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba, ilisukuma filamu kadhaa hadi 2024 na 2025. Na filamu ikiondolewa baada ya wiki moja, hesabu ni hii: kila Ijumaa zinaingia mpya, skrini ni chache, na ratiba inayofuata hupangwa kwa kutazama mauzo ya Ijumaa hadi Jumapili. Anayesema ataiona filamu ya Kitanzania "wiki ijayo" ndiye anayeisaidia kuondoka.

Wenye kumbi tunawaomba mambo machache yasiyo na gharama. Pale dirishani pa tiketi, kila filamu iandikwe saa inapoanza yenyewe mbali na matangazo, urefu wake, lugha ya sauti na ya maandishi, 2D au 3D, na daraja la umri lililopangwa na Bodi ya Filamu, kwani katuni siyo lazima iwe ya watoto. Dakika kumi za kwanza za kila filamu, mtu mmoja aingie asimame nyuma, atazame na kusikiliza, ndipo arudi kwenye bisi zake. Na iwepo namba ya simu ya kutuma ujumbe picha ikiharibika, ili mtazamaji asilazimike kukanyaga watu saba gizani. Namba hiyo ibandikwe upande wa ndani wa mlango. Aliye nje bado hajaona kitu.

Wapenzi wa sinema,
Njiro, Arusha