Barua ya wazi kwa wifi yangu, ambaye siku hizi anafuga kuku

Wifi,

Kaka hajui kutunza siri, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kanipigia simu kuuliza, eti kwa niaba ya rafiki yake, kama mtetea akijikunyata, mkia chini, anaingia kiotani na kutoka bila kuacha kitu, ana shida gani. Nikamwuliza huyo rafiki ameanza lini kufuga. Akacheka, yakaisha. Basi nimejua: una banda, una mitetea, una na jogoo anayemfukuza kaka kila akitoka kupiga mswaki. Nilifurahi. Halafu nikakasirika. Na kwa kuwa simu zangu hupokei, nakuandikia hapa hapa, watu wote wakisoma.

Nianze na mgonjwa, maana yeye hana ugomvi na mtu.

Hiyo ni dalili ya yai lililokwama. Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yamfike tumboni, robo saa hivi au zaidi kidogo, umbane mabawa asipapatike. Mkaushe vizuri, mweke kwenye boksi, gizani, pasipo na kelele, mpe maji ya kunywa. Usimkamue! Yai likipasukia ndani umempoteza. Ikifika kesho hajalitoa, mwite daktari wa mifugo, si jirani. Mara nyingi ni upungufu wa madini ya chokaa, kwa hiyo maganda ya mayai usitupe. Yaanike, yatwange yawe chenga, uwawekee pembeni wadonoe kwa hiari yao. Ukiwatupia yakiwa na umbo la yai watajifunza kula mayai wanayotaga, na kuku akishaonja mchezo huo haachi kirahisi.

Kaka anasema unawapa kila kinachobaki mezani. Moyo wako huo naufahamu, hata sisi ulikuwa unatujazia sahani mpaka tunakimbia. Tikitimaji wape, wataligombania mpaka libaki ganda jembamba. Mchicha, minyoo, kumbikumbi, wape, ila visiwe vingi kiasi cha kuwafanya wasusie chakula chao cha kutagia. Vyenye chumvi nyingi, hapana. Maharage mabichi, hapana. Ganda na kokwa la parachichi, hapana. Na mahindi yaliyoota ukungu usiyaanike ukaona yamepona, sumukuvu haitoki kwa jua. Nalisema hili kwa sababu wewe hujawahi kutupa kitu.

Sasa kwa kuwa una kuku mgonjwa mikononi, naweza kukuuliza. Unamkumbuka Kidani?

Unamkumbuka. Uso umevimba, jicho moja limefumba, makamasi yananuka, mafua yenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa namfuta lile jicho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, utando unabanduka polepole, na yeye ananilaza kichwa kiganjani. Ulikuwa unapita hapo jikoni, unaniona. Siku ile nimerudi nakuta boksi nyuma ya mlango tupu, na uani kuna beseni la manyoya, juu kabisa yale ya shingoni yenye mchirizi wa dhahabu. Hukusema neno. Ulikuwa unawapakulia wageni wako.

Baadaye ulimwambia kaka kwamba alikuwa kuku mzee, hatagi. Hatagi kwa sababu alikuwa anabadilisha manyoya, wifi! Kuku akinyonyoka husimama kutaga kwa wiki kadhaa, nguvu yote inakwenda kwenye manyoya mapya, kisha anarudi. Na wako watanyonyoka. Siku hiyo tuone utawafanyaje.

Najua na wewe una lako. Lile nililolisema mezani mbele ya mama yako. Nasikia unalisimulia kwenye kila harusi na kila msiba, na kila ukilisimulia sauti yangu inapanda. Nilisema hivi, tena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyo kuku yuko kwenye dawa." Basi. Mama akarudisha paja kwenye bakuli. Mjomba wako akaacha kutafuna, shavu limejaa.

Ningefanyaje? Antibaotiki ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye paketi, na kabla hazijaisha nyama hailiwi wala mayai hayaliwi. Paketi ilikuwa juu ya friji, unaiona kila siku. Unasema ningekuita pembeni. Nikuite pembeni mama ameshalinyanyua lile paja? Tungekuwa bado tunanong'onezana mlangoni, yeye yuko kwenye mfupa. Kuna watakaosoma hapa waseme nilitaka kukuaibisha. Mtu anayetaka kuaibisha angeanza na yale manyoya, na mimi kuhusu manyoya sikusema kitu mpaka leo.

Halafu nakumbuka ni wewe huyo huyo uliyetoka na mwiko usiku kicheche alipoingia bandani, khanga moja kiunoni, unamtukana mnyama kama mdeni wako, mimi niko nyuma yako na tochi inanitetemeka. Kuku wale ulikuwa unawapenda. Ndiyo maana mpaka leo Kidani hanitoki.

Wachanje wako mapema. Mdondo hauna tiba, ukishaingia bandani antibaotiki haifui dafu kwa kirusi. Chanjo yake ni tone jichoni, na hurudiwa kwa ratiba, kwa hiyo muulize daktari huyo huyo atakayekuja kwa ajili ya yai.

Nina koo anayeatamia sasa hivi. Siku 21 zikitimia na vifaranga wakaweza kuachana na mama yao, chagua uwatakao, kaka aje kuwachukua kama wewe bado hutaki kukanyaga kwangu. Wakifika usiwachanganye na wako siku hiyo hiyo. Watenge kwanza, wiki mbili au zaidi, vyombo vyao vya maji mbali, hata kama wametoka kwangu. Hasa kwa kuwa wametoka kwangu, maana kuku aliyepona mafua anaweza kubaki na vijidudu, na banda hili limeshaugua.

Na mama akitaka kuja kuwaona, mwambie nitapika samaki.