Shosti, achana na hiyo mashine ya maji kwanza

Shosti wangu Mwantumu,

Habari za Moro? Huku Tanga jasho tu, na maembe ndo yameanza kumwagika, kila ukigeuka beseni. Ile voisi yako nimeisikiliza ndani ya daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akanikodolea, eti umesimama duka la dawa nusu saa unatazama vijibrashi vya katikati ya meno, mwisho ukatoka na peremende! Hivi wewe.

Haya, ile mashine uliyoniuliza, ya kurusha maji katikati ya meno, achana nayo kwanza. Siyo mbaya, wenye waya wa kunyooshea meno wanaisifia mana waya unasumbua uzi wa kusafishia meno kupita, ila bei yake na chaji yake, aa, hiyo hela kanunue kitenge.

Mi nimejifunza kwa maumivu. Unaikumbuka ile harusi ya Chumbageni? Nyuzi ya mshikaki ikakaa kwenye gego la nyuma, nikachomoa chelewa kwenye fagio kama alivyokuwa anafanya bibi, nikachokonoa weee mpaka damu, na nyama yenyewe haijatoka. Asubuhi ufizi umevimba nacheka upande mmoja. Daktari wa meno wala hakunigombeza, alinipa kioo nishike akaanza kunijaribishia vibrashi kimoja kimoja kama mtoto anapimwa viatu vya Idi. Kumbe kila mwanya una saizi yake! Kule nyuma nilikong'oa jino kumeachia, kinaingia kibrashi kinene, kwengine chembamba, na mbele meno yamebanana hakuna brashi inayopita, huko ni uzi tu.

Sasa kibrashi unakijuaje kuwa ndo chenyewe? Kinapita bila kulazimishwa ila zile nywele zake unazisikia zinagusa jino huku na huku. Kikigoma, usisukume, waya wake utapinda na ufizi utaumia, shuka namba. Kikipwaya, panda namba. Namba zinaanzia 0, ndogo ndo nyembamba. Af usinunue kwa rangi shosti, mana kampuni hii ya bluu ni nyembamba na ile ya bluu ni nene, mi nilishaliwa hapo. Wewe na huo mwanya wako wa mbele unaowatoa watu roho, uzi utapita hewani tu, chukua kibrashi.

Uzi nao chukua wenye nta, unateleza kwenye meno yaliyobanana. Kata dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama sentimita 45, zungushia vidole vya kati, ingiza polepole kama unakereza, usiudumbukize kwa nguvu. Ukishapita ukumbatishe jino, shuka nao mpaka chini kidogo ya ufizi, panda, halafu jino la jirani, ukihamia mwanya mwengine tumia kipande kisafi. Mara moja kwa siku inatosha, mi nafanya usiku kabla ya mswaki. Na kama uzi unachanikia palepale kila siku usiulaumu, pengine jino limetoboka au kile walichozibia kina ncha, nenda ukaangaliwe.

Unajua kuna daktari wa New Orleans, Levi Spear Parmly, alikuwa anawaambia watu wapitishe uzi wa hariri tangu 1819? Na sie Tanga na makatani yetu yote hatukuwaza! (Usijaribu katani, nakujua.)

Damu siku za mwanzo usiogope, ni ufizi ulikuwa na uvimbe toka zamani sababu ya uchafu uliolala humo, endelea taratibu tu. Wiki mbili zikipita bado inatoka, daktari. Tuspiki, vile vijiti vya hotelini, hizo za kutolea kipande cha pweza ukiwa umekwama, usizifanye ndo usafi.

Mdogo wangu anakuja huko Ijumaa na basi, nitamfungia uzi na vibrashi vya namba tatu tofauti ujaribishe, kitakachokufaa ndo ununue pakiti. Zile nywele zikishalala tupa. Na shemeji mwambie atafute vyake, hivi siyo chanuo la kuazimana.

Wako,
Zuhura