Mwezi wa Tanga umelala kama ngalawa

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu hapa mjini Tanga. Wiki tatu zilizopita walipewa kazi ya kuchora mwezi mchanga. Jioni akanishika mkono tukateremka ufukweni Sahare, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akachora alichokiona: mwezi umelala chali, ncha zake zote mbili zimeelekea juu, kama ngalawa inayoelea. Daftari likarudi na mkato wa wino mwekundu. Pembeni mwalimu amemchorea mwezi uliosimama wima kama mundu, uleule wa kitabuni.

Simshtaki mwalimu. Ana watoto wengi, na kitabu ndicho alichopewa. Lakini mtoto alikuwa sahihi, nami nataka lisemwe wazi. Tanga iko digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Jua letu huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo mwezi mchanga unaobaki juu yake huangazwa kwa chini. Ulaya jua huzama kwa mshazari, na mwezi wao huangazwa ubavuni. Miezi mingine wa kwetu huinama kidogo upande mmoja, ila kusimama kama ule wa kitabuni, sijauona katika miaka yangu yote ya baharini. Mchoro ule si wa uongo, ni wa mahali pengine.

Mwaka jana kaka yake aliagizwa apeleke mfano wa mfumo wa jua. Tulifanya kama wazazi wengi: tukamlipa kijana wa duka la vifaa vya shule, akatuundia mipira ya rangi kwenye ubao, sayari zimepangwa karibu karibu kama shanga. Kazi ya mtoto ilikuwa kuubeba ubao hadi shuleni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii nilinunua machungwa ya Muheza. Nikampa moja la upana wa kama sentimita 8, nikamwambia hii ndiyo Dunia. Mwezi ukawa gololi kubwa, ya sentimita 2 na ushei. Iweke mahali pake, nikamwambia. Akaiweka shubiri moja kutoka kwenye chungwa. Tukaanza kulisogeza chungwa sakafuni, kila mara kwa upana wake mmoja, tukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka 30, tukajikuta mlangoni. Ndio umbali wa mwezi: kilomita 384,400 hivi. Akauliza, na jua je? Kwa kipimo hicho jua ni duara la karibu mita 9, nalo lingekaa karibu kilomita nzima kutoka pale sebuleni. Alitoka akasimama barabarani, akatazama kule mwisho, hakusema neno kwa muda.

Na bahari tunayo bure. Mtoto wa Sahare, wa Mwambani au wa Pangani anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Anajua siku maji yanapokupwa mbali, kina mama wakatoka kwenda kuokota chaza, na siku yasipokwenda popote. Asichoambiwa darasani ni kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa sababu wakati huo jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Wapeni watoto mti wenye alama, wausimike pwani, waandike saa ya maji kujaa kwa wiki mbili. Wataona kila siku yanachelewa kama dakika 50, na mwezi nao unachelewa kuchomoza vivyo hivyo. Wavuvi wa dagaa hupanga kazi yao kwa hesabu ya mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki. Waiteni hao darasani.

Walimu wa Tanga, tarehe 5 au 6 Oktoba jua litapita utosini kwetu. Simikeni kijiti wima uwanjani kuanzia saa tano, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Yapata saa sita na robo kivuli kitatoweka chini ya kijiti, kisha kitachomoza upande wa pili. Macho yawe ardhini, mtoto yeyote asilitazame jua lenyewe. Wingu likiharibu, kesho yake bado kivuli kitakuwa kidogo mno. Hakuna cha kununua, na mzazi hana nafasi ya kuifanya kazi hiyo badala ya mwanawe.

Mimi nipo. Shule ikinihitaji, nitakuja na machungwa na gololi, na watoto nitawapeleka ufukweni mwezi ukiandama, pamoja na mwalimu wao. Ninaloomba ni moja: siku hiyo daftari la mjukuu wangu lifunguliwe tena pale kwenye wino mwekundu, lisahihishwe.

Mvuvi mstaafu,
Sahare, Tanga