YAH: Nililipia miksa ya MTK, mmeniletea Signature 22 ya kawaida

Kwa Meneja,
Duka la vyombo vya muziki, Kariakoo, Dar es Salaam

Kutoka studio ndogo ya kurekodi, Nkuhungu, Dodoma

Salaam bosi. Barua hii nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe kwa sababu yule kijana wenu wa wasapu kashanichosha, kila nikimuuliza ananijibu "sawa bosi tunafanyia kazi" anaweka na dole gumba halafu kimya mpaka nimtafute tena. Kwahiyo naomba usome mpaka mwisho, na kama una haraka basi soma aya inayofuata tu.

Mlitangaza miksa ya mtumba, yani mashine ya kuchanganya sauti, Soundcraft Signature 22 MTK, kwa shilingi 1,850,000. Nikalipa yote. Mkanitumia Soundcraft Signature 22 isiyokuwa na MTK. Hizo ni miksa mbili tofauti, naomba msijifanye hamjui, nyie ndo mnauza vyombo.

Najua kijana wenu kakwambia "mteja analalamikia herufi tatu tu", maana hata mimi kaniambia hivyo hivyo. Sasa ngoja nieleze hizo herufi tatu zina nini. Signature 22 ya kawaida ukichomeka waya wa USB kwenye laptopu inapeleka chaneli mbili, kushoto na kulia basi, yani kila kitu kimeshachanganywa tayari. MTK inapeleka 24 na kurudisha 22, kila maiki inaingia kwenye traki yake peke yake, yani sauti yake inarekodiwa kivyake. Kwa nje zinafanana kabisa, feda (vile vitelezi vya sauti) zile zile, efekti za Lexicon zile zile, preampu (vikuza sauti vya maiki) zile zile, hata tundu la USB ni lile lile, ila bodi ya ndani ndo tofauti. Kijana wenu alipoona nimekomaa akaniambia nishushe draiva mpya. Draiva haiwezi kugeuza chaneli mbili zikawa 24 bosi wangu, mwambieni aache kuwaambia watu hivyo.

Na hii MTK sikuitaka kwa sifa. Mimi huku wateja wangu wengi ni kwaya na vikundi vya ngoma za asili, Wagogo wenzangu wa Chamwino, Mvumi na huko vijijini. Kina mama wa muheme wanapiga ngoma zao wakiwa wamezibana mapajani, mmoja anaongoza wengine wanajibu, njuga zinalia, pembeni kuna mzee wa zeze, na ukitaka kumrekodi mmoja mmoja kama msanii wa bongofleva huo wimbo unakufa hapo hapo, kwa sababu wanaangaliana, ngoma kubwa inasubiri ishara ya anayeongoza na anayeongoza naye anasikiliza waitikiaji. Lazima wapige wote kwa pamoja na wewe unase kila maiki kwenye traki yake, uje kusawazisha baadaye. Ndo maana nikahitaji miksa ya maltitraki, na hili nilimwambia kijana wenu kwa simu na kwenye voisi noti, nikauliza "kaka hii ni MTK kweli?" akajibu "MTK original hiyo bosi, inarekodi zote." Voisi noti yake ninayo.

Sikukurupuka pia. Kabla ya yenu nilishachuja mashine kibao. Yamaha MG16XU ilikuwepo kwa bei nzuri nikaiacha kwa sababu USB yake ni chaneli mbili tu. Kuna jamaa Arusha alikuwa na Allen & Heath ZED-R16, ile ni mashine ya maana sana kwa studio, ila inaongea na kompyuta kwa FireWire na laptopu za siku hizi hilo tundu halipo, sitaki kuishi kwa kuunganisha adapta juu ya adapta. Mwingine alikuwa na miksa ya GL2400, ina dairekti auti kwenye chaneli, yani tundu la kutolea sauti ya chaneli peke yake, lakini inabidi ununue na intafesi, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, yenye matundu mengi kiasi hicho hicho na lundo la waya, ukijumlisha bei inapaa. Behringer X32 inapeleka 32 kwa USB na wote tunaitamani, mfuko ndo haujafika huko. Kwahiyo nikatulia kwenye Signature 22 MTK, maiki 16, analogi ambayo hata mwanakwaya anaweza kuonyeshwa hii ndo sauti yako hii hapa, na USB ya kunasa zote. Yani nilikuwa najua ninachonunua, na nyie mlijua ninachonunua.

Mzigo ulikuja kwa basi nikaupokea stendi ya Nanenane, mmeufunga na kipande cha godoro, hapo kwenye kufunga niwapongeze haukupata hata mkwaruzo. Nimefika studio nimefungua, kwenye uso wa miksa imeandikwa Signature 22, nikatafuta MTK juu, chini, nyuma, hamna. Nikasema labda, tuchomeke kwanza. Nikafungua Cubase, programu ya kurekodi, upande wa kuingiza sauti zikaja chaneli mbili. Nikajaribu na programu nyingine, Reaper, kwenye kompyuta ya jirani yangu prodyuza, mbili. Nikawatumia picha za skrini zote, ziko kwenye wasapu yenu zina tiki za bluu.

Halafu tuje kwenye ile stori ya "imetoka moja kwa moja Uingereza, studio ya mzungu, haijawahi kukutana na vumbi". Bosi, chini ya feda kuna alama za gundi ya selotepu na vipande viwili mmesahau kuvibandua. Kimoja kimeandikwa kwa maka pen MCHUNGAJI, kingine BESI MPYA. Huyo mzungu alikuwa na mchungaji gani wa Kiswahili? Hii miksa imepiga ibada hapa hapa Tanzania miaka na miaka, na sina ubaya na kanisa mimi mwenyewe nimekulia kwenye kwaya, ila miksa ya kanisani inakaa wazi, inazimwa kwa kuchomolewa ukutani, inapandishwa kwenye pikapu kwenda mkutano wa injili, inashikwa na kila kijana aliyewahi kuona miksa. Bei yake haiwezi kuwa bei ya mashine iliyokaa kwenye chumba chenye zulia. Na fundi wangu alipofungua mfuniko wa chini tukakuta vumbi na magamba ya mayai ya mjusi karibu na pawa saplai. Kijana wenu akasema vumbi hilo ni la Dodoma. Kweli Dodoma tuna vumbi, upepo ukianza hapa Nkuhungu unafagia asubuhi jioni unaandika jina lako mezani, lakini mjusi hawezi kuingia, kutaga, kuangua na kuondoka wakati miksa haijamaliza hata wiki kwangu.

Kwenye ubovu wenyewe sitaeleza sana maana hata ingekuwa nzima bado siyo niliyonunua, ila mjue. Chaneli ya 5 na ya 6 maiki ya kondensa haiwaki. Maiki ile ile ukiihamishia ya 4 inaongea vizuri tu. Fundi akachukua multimita, akaweka waya mweusi kwenye pini ya 1 na mwekundu kwenye pini ya 2, ikasoma 47 na pointi, safi, maana fantomu, ule umeme wa kuwasha maiki za kondensa, inatakiwa iwe volti 48. Akahamia pini ya 3, sifuri. Umeme wa fantomu unafika kwenye kila pini kupitia rizista yake, kwahiyo rizista ya upande mmoja imekufa au njia yake kwenye bodi imekatika. Chaneli zote mbili hivyo hivyo. Hiyo haitokei kwenye basi jamani, ni mtu alichomeka kitu asichojua kikala umeme, tena zamani. Feda ya chaneli ya 9 inakwaruza, ukiisukuma unasikia kama mtu anakaanga dagaa, hiyo nilitarajia kwa mtumba na ukipuliza dawa ya kusafishia kontakti huwa inapona, siwadai. Knobu ya geini ya 12 inacheza. Nayo siwadai.

Mnasema "imetestiwa". Kwenye ile video mlionitumia taa zinawaka na simu inapiga mziki kwenye chaneli moja. Hiyo ni kuonyesha kwamba inawaka. Kutesti miksa ya mtumba ni kuweka hedifoni, kuchomeka maiki tundu moja moja, kuzungusha kila knobu mwanzo mpaka mwisho, kuwasha fantomu, kupitisha sauti kwenye kila inseti na kila aux, kisha kuchomeka USB uone zinaingia ngapi. Kazi ya nusu saa. Mngeifanya mngejua wenyewe kwamba USB inatoa mbili, labda mngeandika tangazo lingine na mimi ningeipita.

Kilichoniuma zaidi ni kazi iliyoharibika. Nilikuwa nimeshapanga kurekodi kikundi cha muheme, wameshapanda bodaboda na noa kutoka kijijini, siwezi kuwarudisha. Tukarekodi hivyo hivyo, maiki zote zimejumuishwa kwenye traki mbili. Nimekaa na hedifoni natafuta uwiano wakati wanapiga, wakipandisha mzuka ngoma zinamfunika mzee wa zeze kabisa, na baadaye siwezi kumpandisha kwa sababu hayuko peke yake popote, ukimpandisha yeye unapandisha na ngoma. Mzee akasikiliza akauliza "mimi niko wapi hapo?" Nikawarudishia nusu ya hela yao na nauli nikatoa mfukoni. Hiyo hasara siiweki kwenye madai ingawa ningeweza.

Sasa mlichonijibu mpaka leo ni kimoja tu, "bidhaa ya mtumba hairudishwi". Sawa, kama ningekuwa nimenunua Signature 22 ya mtumba nikaichoka, hilo neno lingenihusu. Mimi nimeletewa kitu kingine. Nchi hii kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ukimuuzia mtu kitu kwa maelezo basi kitu kiendane na maelezo, haijalishi ni kipya au mtumba. Kuna Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na FCC, Tume ya Ushindani, wapo kwa ajili hiyo. Sijafika huko bado. Pia nilivyolipa mlinipa risiti ya kuandika kwa mkono, ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkasema mashine inasumbua. Naitaka, na iandikwe jina kamili la nilicholipia, siyo "vyombo vya muziki".

Ninachotaka ni hiki. Kama mnayo MTK kweli, nitumieni, lakini kabla haijapanda basi mpige video mnachomeka USB kwenye kompyuta na orodha ya chaneli inaonekana, na namba ya nyuma ya mashine isomeke, mkinitumia nami napandisha hii siku hiyo hiyo. Kama hamna, nirudishieni 1,850,000 pamoja na 35,000 niliyolipa ya mzigo, kwenye namba ile ile iliyowalipa, na gharama ya kuirudisha hii miksa Dar ni yenu. Yule kijana alinipa ofa ya kunirudishia laki mbili nibaki nayo. Hapana. Signature 22 ya kawaida siyo miksa mbaya, kwa kanisa au ukumbi wa harusi inafanya kazi safi, ila kwangu mimi ni kopo, kazi yangu haiwezi.

Msije mkaniambia habari ya kwenda kwa waliotengeneza, wao hawajakosea chochote, miksa yao imeandikwa jina lake wazi wazi kwenye uso. Aliyeongeza MTK ni tangazo lenu, na nimeliona mmelihariri juzi mkatoa hizo herufi tatu, bei mkaiacha pale pale. La mwanzo nilishalipiga picha.

Nawapa mpaka Ijumaa ijayo saa kumi jioni. Ikipita naipeleka hii barua FCC na viambatanisho vyake vyote, tangazo la kwanza, voisi noti, risiti yenu ya mkono, picha za skrini na maelezo ya fundi. Nipigieni simu wewe bosi mwenyewe au mhasibu, yule kijana simtaki tena kwenye hii ishu.

Ahsante.

Mwenye studio,
Nkuhungu, Dodoma