Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Machapisho Yetu na Namna Yanavyopimwa

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya Chama chetu cha watafiti wa elimu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zimekaguliwa, na Mweka Hazina atazisoma mkutanoni. Ada zimekusanywa vizuri kuliko nilivyotarajia, nami sina la kuongeza hapo. Sehemu kubwa ya kazi ya Kamati Tendaji ilihusu suala moja ambalo wanachama wengi, hasa wahadhiri wanaojiandaa kuomba kupandishwa cheo, wametuandikia: machapisho ya mtafiti wa elimu yapimwe vipi, na idadi ya mara alizonukuliwa ipewe uzito gani.

Kipimo kilichotajwa zaidi katika barua hizo ni kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye makala 8 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 8, huku nyingine zikiwa chini ya hapo, hupewa h ya 8. Iwapo moja kati ya hizo 8 imenukuliwa mara 500, h yake hubaki 8 ileile. Kwa hiyo mtu aliyetumia miaka mingi kuandika kazi moja nzito hupimwa chini ya yule aliyegawanya utafiti mmoja katika makala nyingi ndogo, na kila mmoja wetu aliyewahi kukaa kwenye jopo la ajira anaijua tabia hiyo ya kugawanya.

Aidha, idadi hutegemea aliyehesabu. Scopus na Google Scholar, mifumo miwili ya mtandaoni inayohesabu nukuu, zote zilianza mwaka 2004, lakini ya kwanza huhesabu majarida, vitabu na kumbukumbu za makongamano vilivyochaguliwa, wakati ya pili hukusanya pia tasnifu na ripoti, ndiyo maana mtu huyohuyo huwa na takwimu mbili zinazotofautiana sana. Ninawaomba wanachama wanaojaza fomu za kupandishwa cheo wataje chanzo cha takwimu na tarehe waliyoitoa, wala wasichanganye vyanzo hivyo katika jedwali moja.

Tofauti kati ya taaluma nayo ni kubwa. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya, ulihusu mahudhurio ya wanafunzi, jambo ambalo wengi wetu tunalishughulikia. Ulichapishwa mwaka 2004 katika jarida la uchumi, na umenukuliwa na wachumi, watu wa afya na watunga sera wa nchi nyingi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, na kazi yenyewe inastahili kusomwa. Hata hivyo, kumlinganisha mwanauchumi anayechapisha katika jarida la namna hiyo na mtafiti wa mitaala anayechapisha katika jarida la kitivo cha elimu, kwa kutumia namba moja, ni kulinganisha ukubwa wa hadhira zao.

Kamati ilichukua muda mrefu zaidi kujadili mfano wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania. Penina Mlama na May Matteru, katika utafiti ulioagizwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kutolewa mwaka 1978 kwa Kiswahili, walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kufuata masomo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari, na mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ikathibitisha udhaifu uleule wa Kiingereza, ingawa wao walishauri lugha hiyo iendelee kutumika na ufundishaji wake uimarishwe. Ni nadra kukuta tasnifu juu ya suala hili isiyozitaja kazi hizi. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyotoka katika jarida linalohesabiwa, na ya kwanza hunukuliwa mara kwa jina la Matteru, mara Materu, mara kwa mwaka 1977, mara 1978, hivi kwamba hata mashine ya kuhesabu nukuu iliyoiona huigawanya kama kazi kadhaa tofauti. Kipimo cha miaka miwili kinachotumiwa kupangia majarida madaraja, ambacho huhesabu nukuu za makala za miaka miwili iliyotangulia tu, hakingeona chochote kati ya haya, kwa sababu hoja hizo bado zinajadiliwa zaidi ya miaka 40 baadaye.

Sisemi kwamba namba hazina kazi. Wapo wenzetu wanaojificha nyuma ya maneno “utafiti wa mazingira yetu” ili wasipeleke kazi zao kwa wahakiki, na wapo waliolipia majarida laghai yanayochapisha chochote kinacholetwa. Kamati haitawatetea.

Kwa kuzingatia hayo, Kamati imeamua kwamba tuzo ya Chama haitatumia tena kipimo cha h wala daraja la jarida. Waamuzi watasoma kazi tatu ambazo mwombaji mwenyewe amezichagua, pamoja na maelezo mafupi ya nani amezitumia na kwa namna gani, na kazi za Kiswahili zitasomwa na wanaokimudu. Msimamo huu unaafikiana na matamko mawili ya kimataifa kuhusu tathmini ya utafiti, Azimio la San Francisco la 2012 na Ilani ya Leiden ya 2015, ambayo katika kanuni zake 10 inataka ubora wa utafiti unaohusu mahali husika ulindwe. Kila mwanachama anaombwa ajisajili ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, bila malipo, ili kazi zake zisipotee kwa tofauti za tahajia ya jina.

Mkutano Mkuu utaombwa kupigia kura pendekezo kwamba Chama kiwaandikie rasmi wakuu wa vyuo kuhusu tathmini ya ripoti za sera na vitabu vya kiada. Marekebisho ya maneno ya pendekezo hilo yamfikie Katibu kwa maandishi kabla ya siku ya mkutano.

Mwenyekiti